Nimempendezesha dada kwenye bango, naye amelifunika shuka

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena nauomba nikiwa nimesimama, maana kukaa kumenishinda, nikikaa mguu unatikisika wenyewe mpaka dada yangu anasema mguu wangu unashona bila cherehani, na kabla sijafika mbali ujue kwanza unazungumza na nani, kwa sababu hapa mtaani hakuna asiyenijua. Wananiita Pikseli. Jina sikujipa, nilipewa, ingawa sikulikataa. Nipe picha ya mtu aliyesinzia nitamfumbua macho. Nipe mbuzi amesimama kwenye matope, nitamsimamisha juu ya zulia, na zulia litakuwa na kivuli chake. Hata picha yako wewe, hiyo iliyo juu ya safu yako, usinichukulie vibaya, lakini aliyekukata alikuwa anakimbilia chakula, sikio lako la kushoto limebaki na kipande cha ukuta. Ningekutengeneza mimi ungekuwa unapokea barua za aina nyingine kabisa.

Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, hilo tusibishane. Kuhariri picha nimejifunza mwenyewe kwa video za kwenye simu, na nikisema nimejifunza nina maana naangalia mpaka pale ninapoelewa kisha naruka, kwa sababu wale walimu wa video wanaongea kama watu wanaosubiri maji yachemke, na mimi mikono inaniwasha. Sijamaliza somo hata moja na bado nawashinda waliomaliza. Hilo ndilo linalowauma.

Sasa dada. Dada yangu mkubwa ni fundi wa kushona nguo, ndiye aliyenilea, naishi kwake na kazi nafanyia kwake, yaani meza yake ya kukatia ni ndefu, upande mmoja yupo yeye na mkasi na chaki na pasi, upande wa pili nipo mimi na kompyuta yangu iliyokwisha kutumiwa na wengine, feni yake inanguruma kuliko cherehani. Amenivumilia. Yeye akisogeza kitambaa nami nasogeza waya, siku zinakwenda.

Akashona gauni la bluu. Alilishona kwa muda mrefu mno, mpaka nikamtania, "Dada, hilo ni gauni au ni nyumba?" Akasema, "Wewe subiri. Nitalivaa, utanipiga picha, tutengeneze bango la pale mlangoni." Siku ilipofika akalivaa, akasimama karibu na dirisha, nikampiga kwa simu yake. Alisema kitu kuhusu kifuani, kwamba paonekane vizuri, lakini nilikuwa na hedifoni masikioni, nikamwambia "sawa, sawa" kama tunavyowajibu wakubwa. Nikaihamishia picha kwenye kompyuta, ile ya kwenye simu nikaifuta maana simu yake ilikuwa imejaa, nikaingia kazini.

Mshauri, siku ile mkono ulikuwa umeniamkia vizuri. Uso nikaulainisha ukawa kama sahani iliyooshwa. Kovu lake la kidevuni likaondoka. Kiuno nikakivuta ndani. Ile futi ya kupimia anayoitundika shingoni nikaiondoa, ilikuwa inaniharibia mstari. Halafu nikafika kwenye gauni, nikaona kifuani kote kuna mistari mistari kama nguo iliyolaliwa, nikasema moyoni kumbe dada nguo za watu anazipiga pasi, ya kwake anasahau, nikachukua brashi ya kulainisha nikapita, nikapita tena, mpaka kitambaa kikatulia kama maziwa kwenye bakuli. Nikahifadhi. Nikapeleka kwa mchapaji.

Bango lilipotundikwa mtaa ulisimama. Rafiki yangu Betri, anayetengeneza simu kwenye kibanda cha jirani, alipiga mluzi akasema, "Pikseli, huyo ni dada yako au ni dada wa dada yako?" Nikavimba. Dada akatoka nje akiwa na pini mdomoni, akasimama barabarani, akatazama juu. Akazitoa zile pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, dada."

"Na gauni?"

"Lile lile. Nimelinyoosha kidogo tu."

"Umelinyoosha," akasema taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi usio na chumvi. "Mimi nimekaa nalikunja, wewe umelinyoosha."

Ndipo nilipojua. Ile mistari haikutokana na kulaliwa. Vilikuwa vikunjo, alivikunja kimoja kimoja kwa ukucha, akavipiga pasi, akavishona kwa uzi wa rangi ileile ya kitambaa, na hivyo ndivyo alivyotaka mtaa uvione, maana mafundi hapa ni wengi lakini wa kutoa vikunjo kama vile ni yeye peke yake. Mimi nimevifuta vyote, na mishono ya mabega nimeifuta, na pindo pia nililipitia.

Sasa sikia nilichomjibu, na hapa ndipo penyewe. Sikumwambia sikujua. Mimi, Pikseli, niliyekulia chini ya meza ile nikiokota vifungo, nimwambie sikuitambua kazi yake? Nikamwambia, "Dada, huo ni ubunifu. Nimefanya makusudi. Watu siku hizi wanataka vitu laini." Akanitazama. Akaingia ndani.

Wateja wakaanza kuja, sitaki kusema uongo, bango liliwaita. Akaja mama mmoja mwenye duka la vyombo, akapiga hodi akasema, "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi," dada akajibu.

"Acha mzaha. Namtaka huyu wa nje."

"Huyo wa nje amesafiri, mama. Kaa nikupime."

Nilicheka, nikacheka peke yangu. Yule mama akasema anataka lile gauni la bluu, lile lisilo na mshono. Dada akalitoa gauni lenyewe nyuma ya mlango, akamwonyesha. Mama akapitisha kidole kifuani. "Aa, hili lina makunyanzi. Mimi nataka la kwenye bango." Dada akamwambia, mama yangu, nguo isiyo na mshono utaiingilia wapi. Mama akachukua mkoba wake. "Kwa hiyo bango linadanganya," akasema, akaenda zake. Wakaja wengine wa namna hiyohiyo, na kila aliyeondoka dada alikuwa analirudisha lile gauni nyuma ya mlango bila kunitazama. Mwisho akachukua shuka, akapanda kiti, akalifunika bango kama anavyofunikwa mtu mwenye homa. Sasa wapitao wanauliza fundi amehama? Nami hanitanii tena. Ananiambia "chakula kipo" na "funga mlango", basi.

Sasa utasema tatizo ndilo hilo. Ngoja kwanza. Kabla shuka halijapanda, alipita bwana mmoja mwenye studio ya usanifu, wale wanaotengeneza vitabu vya picha vya makampuni ya nguo, akasimama, akalipiga bango picha, akamuuliza Betri nani ametengeneza, na Betri, hilo namshukuru, akampa namba yangu. Akanipigia. Akasema kitambaa kile kinatiririka, hajawahi kuona kazi kama ile kwa kijana wa mtaani. Ana kiti kimoja cha mwanafunzi, anayekikalia anafundishwa kutoka mwanzo mpaka mwisho na watu wanaojua, akiiva anapewa kazi. Amesafiri, akirudi mwisho wa mwezi niende. "Uje na hiyohiyo picha," akasema, "faili lenyewe, na leya zake zote, nione ulivyoijenga." Nikamwambia, "Leya zipo, tena za kumwaga."

Mshauri, leya, kama huzijui, ni kama karatasi angavu zinazolaliana, picha ya asili inakaa chini kabisa haiguswi, kila unachobadilisha kinakaa juu kwenye karatasi yake, ukikosea unaiondoa hiyo tu. Mimi sina hata moja. Lile somo niliruka. Nilipaka juu ya picha yenyewe, nikahifadhi juu yake, na ya kwenye simu nilikwisha kuifuta, kwa hiyo lile kovu na vile vikunjo havimo tena kwenye picha yoyote, vimebaki kwa dada mwenyewe.

Betri anasema hilo si tatizo. "Ikate vipande, uvipange kimoja juu ya kingine, uvipe majina. Uso, gauni, ukuta. Atajuaje?" Betri ni mtu wa simu, kwake kila kitu ni kufungua na kufunika.

Nikamwambia dada habari za studio, nikidhani atafurahi tuyamalize. Akasimamisha cherehani.

"Nenda. Hiyo ni nafasi," akasema. "Ila sura yangu usiende nayo."

"Lakini picha nimeitengeneza mimi."

"Na sura ameitengeneza nani?"

"Dada, si wewe mwenyewe uliyesema huyo wa kwenye bango humjui?"

Akainamia cherehani yake. Nikajiona nimeshinda, na ushindi wenyewe haukufika jioni, maana alikosea mshono, akafumua, akakosea tena palepale, na dada yangu hakosei.

Picha nyingine ya kupeleka sina. Nyingine zote ni nusu, mbuzi na zulia lake, mchezaji mpira asiye na miguu, chupa ya juisi isiyo na kifuniko. Kila asubuhi nafungua faili la dada, natazama, nafunga, nafungua mbuzi, nafunga, narudi kwa dada. Nimejaribu kuvirudisha vile vikunjo kwa kuvichora mimi, gauni limekuwa kama geti la chuma. Niende na ile picha kimyakimya, yeye atajulia wapi? Nikate leya za uongo kama anavyosema Betri? Au niiache nafasi ipite, nibaki hapa kuwafumbua macho waliosinzia mpaka nizeeke? Nijibu upesi, na usiniambie nivumilie, maneno hayo ninayo ya kugawa.

Ni mimi,
Pikseli, mikono ya dhahabu

MSHAURI ANAJIBU

Pikseli,

Kaa chini. Sikio nimeliona, na aliyenikata nimemsomea barua yako, amenuna mpaka sasa, kwa hiyo ulichosema ni kweli. Tuendelee na ya kwako.

Usiende na ile picha. Mwenye sura amekataa, na neno lake halihitaji sababu. Ukienda nayo kimyakimya yeye huenda asijue, lakini utakaa kwenye kile kiti ukiogopa siku atakayoiona kwenye ukuta wa watu. Na ule ushindi wako wa mdomo uliniudhi sana. Dada yako alikwambia maneno ya uchungu pale barabarani, wewe ukayaokota ukayatumia kumfunga mdomo ndani ya nyumba yake.

Rafiki yako Betri arudi kwenye simu zake. Mimi si mtaalamu, lakini nimemuuliza anayepanga kurasa za gazeti hili, amecheka. Anasema vipande vilivyokatwa kutoka picha moja ukikiondoa kimoja chini yake panabaki tundu, na yule bwana ndicho kitu cha kwanza atakachofanya, kuondoa kimoja atazame chini. Anayekuomba leya anataka kuona unavyofikiri. Ukimpa tundu atakuwa ameona.

Haya, sasa lile ambalo hukuniuliza. Unadhani dada yako amekasirikia uso. Uso angekutania nao, umeona mwenyewe alivyomjibu yule mama wa vyombo. Kinachomuuma ni kwamba ulimwambia umefanya makusudi. Hebu kaa mahali pake. Mdogo wake, aliyelelewa katika kazi hiyo, ameiona kazi yake bora kuliko zote, ameipima, akaamua kwamba inapendeza zaidi ikifutwa. Hivyo ndivyo anavyoamini hadi leo, kwa sababu ndivyo ulivyomwambia. Kumbe wewe hukuviona tu. Kutoona ni kosa la mwanafunzi, linasameheka hata kabla halijaombewa msamaha. Makusudi ni dharau. Ulikuwa na kosa dogo mkononi, ukalibadilisha na kubwa kwa sababu kubwa lilisikika la kitaalamu.

Nakuonea huruma, usidhani sikuoni. Mkono unao, mwenye studio hasimami barabarani bure. Na umekaa ukajaribu kuvichora vile vikunjo upya bila kutumwa na mtu. Hayo ya geti la chuma yamenipa matumaini nawe kuliko mbuzi na zulia lake.

Kwa hiyo fanya hivi. Lile bango lishushe leo. Shuka halitoshi, lishushe kabisa, upande kiti wewe mwenyewe. Mwambie dada yako kwamba hukujua, kwamba uliona makunyanzi. Usiongeze maelezo. Akinyamaza, mwache anyamaze. Atakapokuwa tayari, muombe akuonyeshe lile gauni, nje na ndani, ukishike kila kikunjo, umuulize kilivyopatikana, na hedifoni ziwe mfukoni.

Kisha umuombe akuruhusu kupiga nyingine. Kuomba, Pikseli, siyo kumpangia. Akikubali kulivaa, asimame palepale dirishani mwanga uingie kwa ubavu, kila kikunjo kipate kivuli chake. Akikataa kuvaa, lipige likiwa limetundikwa. Picha ya asili iweke mahali pawili kabla hujagusa kitu. Halafu lirudie lile somo la leya uliloliruka, ulitazame mpaka mwalimu anaaga, hata kama anaongea kama konokono. Ukianza kazi, dada akae kando yako, na kabla hujafuta alama yoyote muulize, hii ni nini? Futi ibaki shingoni, mteja ndiyo anayoitafuta. Kovu ataamua yeye, wewe huna kura.

Yule bwana wa studio usimngoje mwisho wa mwezi. Mpigie sasa. Mwambie leya hazipo, uliongopa, na ile picha mwenye sura hakukuruhusu, lakini unatengeneza nyingine na utaijenga inavyopasa. Anaweza kukata simu. Kile kiti kinaweza kwenda kwa mwingine, sitakudanganya ili upate usingizi. Ila na yeye mtazame vizuri, anatafuta mwanafunzi. Mtu ambaye leya zake ni za kumwaga atafundishwa nini? Anayesema nilikosea hapa, ndiye mwenye mahali pa kuanzia.

Na akikukataa, dada yako bado mlango wake hauna bango, wateja wanauliza kama amehama. Hiyo nayo ni kazi, tena ya kwako, na ukiimaliza itakuwa ndiyo ya kwanza uliyowahi kuimaliza.

Umeniandikia mimi nisiyekujua kurasa nzima za jambo linalomhusu mtu aliye upande wa pili wa meza yako. Yeye hajasikia hata mstari mmoja. Gazeti hili likikufikia lifunge hapa, hayo ya michezo utayasoma baadaye. Subiri cherehani inyamaze, umwambie.